Kilichozikwa Chini ya Chumba cha Nyuma

Rukiya mwanangu,

Barua hii umeikuta sandukuni mwako, mahali ulipokiweka kile kikopo cha udi. Kikopo nimekitoa mimi. Usiwalaumu wapekuzi wa uwanja wa ndege, wala usinipigie simu kunieleza kuwa kimeibwa. Nimekitoa leo alasiri, mara tu ulipotoka kwenda Kuze kuwaaga shangazi zako, nikamwaga udi wote katika ndoo ya taka na kwenda nayo mwenyewe mpaka jaani.

Mambo ya nguo, dawa na nani wa kumpigia ukifika Maskati sikuandikii. Miaka mitatu wewe ni muuguzi, unawaogesha na kuwavika watu wazima. Sitakufundisha mimi kukunja kanga. Nina jambo moja tu. Nikikwambia kwa mdomo kesho nitalilainisha, najijua. Nitaanza na "unajua siku zile" na "hali ilikuwa hivi," nitoe machozi mawili, na mwisho wewe ndiye utakayenibembeleza. Kwa hiyo naandika, na nitaandika kabla maghrib haijaadhiniwa, kwa sababu ukirudi ukaniona na kalamu utaniuliza.

Jambo lenyewe ni hili: usitume hata shilingi moja ya ghorofa. Nyumba hii haiwezi kubeba ghorofa. Imeoza chini, na aliyeiozesha ni mimi mama yako.

Soma tena ukitaka, kisha uendelee.

Najua hiyo ghorofa ndiyo inayokupeleka Maskati. Kwetu nyumba ni ya mtoto wa kike. Bibi yangu alipewa hii na babake, mama akapewa na bibi, mimi nikapewa na mama ikiwa gofu, kuta tatu na mti umeota sebuleni. Na wewe tangu unanyonya nilikuwa nikikuimbia kuwa juu ni kwako, utaolewa juu, utazalia juu, nami nitakuwa chini nikisikia miguu ya wajukuu. Ile ramani uliyochorewa, yenye jiko pana na madirisha mawili ya kutazama njiani, kila ulipoikunjua mezani kunionyesha nilijiziba mdomo kwa kanga. Ulidhani nalia kwa furaha. Sikuwa nalia kwa furaha, mwanangu, nilikuwa najizuia kutapika.

Tulipoanza kujenga ulikuwa na miaka minne. Tulikuwa tumepanga vyumba viwili Makadara. Marehemu baba yako alikuwa karani bandarini Kilindini, anatoka alfajiri na kurudi jua limeshazama, kwa hiyo kazi ya kusimamia ilikuwa yangu. Mkandarasi hatukumuweza. Tulimchukua fundi mmoja na vibarua wa kutwa, na mimi nikajifunga kanga kiunoni juu ya dera, nikasimama pale juani kutwa kucha nikihesabu makarai. Nilijiona mtu. Wanawake wa mtaa wetu wa Kibokoni wakipita walisema, "Mashallah, Aziza yuwajenga mwenyewe," nami nilijifanya sisikii ili warudie.

Fundi wetu aliitwa Mutua, Mkamba mrefu, mpole, mtu wa kanisa. Alikuwa na njia yake moja ya kuchimba msingi na hakuibadilisha kwa ajili ya mtu. Alichukua mtaimbo, akaupiga chini ya mtaro. Chuma kikilia, tumefika kwenye jiwe, tunasimama. Kikizama kimya, tunaendelea kuchimba, hata kama kamba imeshafungwa na simiti imeshafika. Pande tatu za nyumba chuma kililia. Ule mlio niliupenda sana, nilikuwa namwambia apige tena nisikie.

Upande wa nne, huko nyuma kilipo sasa chumba cha nyuma, mtaimbo ulizama mpaka ukamfika mkononi.

Walichimba wakakuta mfuniko wa boriti na chokaa. Wakauvunja. Wewe ni muuguzi, hutaogopa maneno: lilikuwa shimo la choo. Choo cha zamani cha nyumba, kirefu, kimechongwa ndani ya mwamba, kilichofunikwa mimi sijazaliwa au nikiwa mchanga na kusahauliwa. Watu husema vitu vya zamani hukauka vikawa udongo. Si kweli. Kile kilikuwa kibichi. Kilikuwa cheusi, kinang'aa, kizito, na juu yake kilikuwa kikipumua polepole. Kibarua mmoja aliruka mtaro akaenda kutapika ukutani kwa watu. Mimi nilisimama pale nikitazama, na lililonichefua zaidi ni kujua kuwa uchafu ule ulikuwa wetu. Wa bibi yangu aliyekuwa hagusi chakula bila kunawa mara tatu. Wa mama yangu na asumini zake kichwani. Sisi ndio tuliokuwa mle ndani.

Na siku ilikuwa Ijumaa. Wanaume walikuwa wanapita kwenda msikitini na kanzu zao zilizopigwa pasi, na ule uchochoro wetu unaujua, harufu ikiingia haina pa kutokea. Waliziba pua kwa kofia. Nikamsikia mmoja akiuliza, "Choo cha kina nani hiki kilichopasuka?" Mwenziwe akamjibu, "Cha kina Aziza. Hao wajengao."

Hao wajengao. Maneno yale nayasikia mpaka leo.

Mutua alinijia taratibu, akiwa amevua kofia yake ya kazi. "Mama," aliniambia, "hii shimo si ya kufunika. Tutoe yote mpaka chini kabisa tupige jiwe. Tuiache ikauke. Halafu tujaze mawe na zege, kidogo kidogo, tukishindilia. Nipe wiki tatu."

"Wiki tatu!" nikamwambia. "Wiki tatu mtaa mzima unuse matumbo yetu?"

"Hata ikiwa mwezi, mama. Hii pembe ndiyo itabeba ngazi."

"Funika," nikamwambia. "Mwaga kifusi, mwaga zege juu, leo hii."

Akatikisa kichwa. Akasema, "Hii shimo, mama, ukifunika itakurudia." Na mimi, mbele ya vibarua wake, nikamcheka Kiswahili chake. Nikamwambia, jifunze kwanza kulitaja shimo ndipo uje unifundishe kulifukia. Vibarua wakacheka. Yeye akaivaa tena kofia yake. Alikwenda akaosha karai lake kwa maji kidogo, akaifunga kamba yake, akachukua timazi lake na mtaimbo wake, na kuniaga kwa heshima kama mtu anayetoka kwenye matanga. Alikuwa mtu mzima kuliko mimi, na ndiye pekee kati yetu aliyekuwa safi siku ile.

Nikueleze nilivyojidanganya, maana uongo wenyewe ulivaa nguo nzuri. Tumelelewa na neno sitara, Rukiya. Mtu akichanika nguo, unamsitiri. Jirani akigombana na mumewe, unafunga dirisha. Tunaomba dua kila siku Mungu asitufedheheshe. Ni jambo zuri, na nimewaona watu wakiokolewa nalo. Lakini siku ile nililichukua neno lile nikalitumia kufunikia choo. Nikajiambia nawasitiri wazee wangu waliokufa. Wazee gani? Nilikuwa najisitiri mimi, na kiburi changu cha kutaka wanawake wa Kibokoni waendelee kusema mashallah.

Jumamosi nilipata mafundi wengine wawili ambao hawakuuliza kitu. Walianza kumwaga kifusi. Ule uchafu ukapanda mpaka ukingoni, ukawa unatoa mapovu, nikaona utafurika uingie uchochoroni. Halafu ukashuka wenyewe, ghafla, kwa sauti ya mtu anayemeza. Walipomwaga tena, ukashuka tena. Nikasema alhamdulillahi. Nilimshukuru Mungu kwa jambo lile, mwanangu, kwa sauti. Sikujiuliza umekwenda wapi. Mtoto yeyote wa Mombasa anajua mwamba wetu una matundu matundu, maji hupita humo yatakavyo. Nilijua na sikutaka kujua. Jioni zege lilikuwa limemwagwa, na baba yako aliporudi kutoka Kilindini nilimwambia Mutua kaacha kazi kwa uvivu. Akasikitika, kwa sababu alimpenda. Hilo nalo niongezee katika makosa yangu.

Tulihamia. Tulisoma maulidi, watu wakala biriani, wakasifu sakafu. Miezi minne baadaye Bi Kauthar akaniita.

Bi Kauthar huyu huyu jirani yetu, unayemwita Bibi, aliyekusuka nywele mpaka ukamaliza shule ya msingi. Kisima chake kipo uani kwake, ng'ambo ya ukuta wa chumba chetu cha nyuma. Wewe hukumbuki, lakini siku hizo mifereji ya bomba ikikauka, uchochoro mzima ulikuwa ukiteka kwake. Hakuwahi kumfungia mtu mlango. Maji yake yalikuwa baridi, hayana chumvi kama ya visima vingine, na alikuwa akijivunia kisima kile kuliko dhahabu zake.

"Aziza," aliniambia, "njoo uninusie. Mimi nazeeka, huenda pua yangu yanidanganya."

Akateremsha ndoo, akaipandisha, akanisogezea. Sikuhitaji kuinama. Niliijua harufu ile kama ninavyolijua jina langu.

"Wayasikia?" akaniuliza. "Paka huyo. Kafia humo, maskini. Makosa yangu, naliacha kifuniko wazi."

Nikamwambia, "Yaonekana ni paka, Bi Kauthar."

Nimesema maneno mengi mabaya maishani, nimemtukana mtu sokoni, nimemsema marehemu. Hakuna lililotoka kinywani mwangu likiwa chafu kama lile. Alileta watu wakakomba kisima mpaka chini. Nilisimama naye ukingoni nikishika mkono wake, wakati watu wale wakipandisha ndoo baada ya ndoo wakitafuta paka. Akatia chokaa, akatia dawa, akasoma dua. Mjukuu wake akaumwa tumbo wiki mbili, mimi nikampelekea uji. Akapona. Sijui kama yalikuwa maji yale. Sijawahi kumuuliza daktari wala sijakuuliza wewe, kwa sababu ningejibiwa. Mwisho Bi Kauthar akakifunika kisima kwa zege na kupanga juu yake makopo ya mrehani, na tangu siku ile ananunua maji ya mtungi kwa mkokoteni. Kila asubuhi nalisikia gurudumu lile likilia mlangoni kwake. Wewe ulikuwa ukisema linakuamsha. Mimi lilikuwa limeshanikuta macho.

Na anajilaumu mpaka leo! Juzi alipokuja kukuletea zawadi ya safari alikwambia, mbele yangu, "Ningekuwa na akili ya kufunika kisima changu, ungeyanywa maji yake kabla hujaondoka." Ulimkumbatia. Mimi nikaenda jikoni nikajifanya naangalia chai.

Sasa udi. Watu wanasema nyumba ya Aziza ndiyo nyumba inayonukia kuliko zote Mji wa Kale. Shuleni walikuita mtoto wa udi, nawe ukajivuna. Ulinunua kikopo kile ili chumba chako cha ugenini kinukie kama kwa mamako. Mimi siupendi udi, Rukiya. Nauchukia. Nikiuweka kwenye chetezo huwa nabana pumzi. Ule uvundo uliopanda kutoka chini ya chumba cha nyuma kila masika ulihitaji kitu cha kuuzidi nguvu, basi nikaufukizia udi asubuhi, mchana na usiku. Baba yako alikuwa akisomea chumba kile, unakumbuka. Alikohoa kwa moshi mpaka macho yakamtoka machozi, na alivyokuwa mpole akasema tu, "Mama Rukiya, leo umezidisha kidogo." Alikufa bila kujua kwa nini mkewe alikuwa akimfukiza. Nikimkumbuka na kikohozi kile najiona nguruwe.

Na ule ufa wa pembeni mwa ngazi ya kupandia paani ambao kila Shaabani niliuziba na kupaka rangi mpya ili Ramadhani itukute nyumba inang'aa, ule haukuwa wa unyevu kama nilivyokuwa nikiwaambia. Nyumba inaketi chini, pole pole, upande mmoja. Mwaka huu kidole changu kinaingia.

Unataka kujua linalonitia kinyaa kuliko yote? Si lile shimo. Ni kwamba niliizoea harufu. Miaka mitano ya kwanza ilikuwa ikiniamsha. Baadaye nikawa nakula karibu yake, nakaribisha wageni karibu yake. Wiki zikapita siikumbuki kabisa. Huko uendako utakosea siku moja, kila muuguzi hukosea, sindano au kipimo au jina la mgonjwa. Kosa hilo kalitaje siku hiyo hiyo, wakati bado linakunukia. Sikwambii kwa sababu mimi ni mjuzi. Nakwambia kwa sababu nimeona pua yangu mwenyewe ilivyokufa.

Uliponiambia kuwa umetia saini mkataba na kwamba mshahara wa kwanza utakuwa wa vyuma vya ghorofa, ndipo nilipoogopa kweli. Nilikuona unasimama kwa miguu miaka mitatu ukihudumia wagonjwa wa watu, unajinyima, unaleta kila ulichonacho hapa kije kiwekwe juu ya shimo langu. Na siku moja wanao wamelala huko juu. Basi wiki iliyopita, ulipokuwa kazini, nilimtafuta Mutua.

Yuko Changamwe. Nywele zimekuwa nyeupe, anatembea kwa shida. Nilidhani hatanikumbuka. Alikuja na mtaimbo ule ule. Alikwenda moja kwa moja chumba cha nyuma, akang'oa kigae kimoja, akatoboa zege, akapiga. Mwanangu, chuma hakikulia. Kilizama kimya, kama siku ile, na harufu ikapanda kupitia tundu dogo lile ikajaza chumba. Alipouvuta nje, ncha ilikuwa nyeusi.

"Hii pembe haibebi hata tangi la maji," alisema.

Nikamwomba radhi. Kwa yote, na kwa kumcheka. Akapunga mkono kama anayefukuza nzi, akakaa kwenye kiti cha baba yako akipumzika. Halafu akaniuliza, "Na yule mama wa kisima hapo ng'ambo ya ukuta? Alisema nini ulipomwambia?"

Nikamwekea chai.

"Mimi nilidhani ulimwambia," alisema. Akachukua chuma chake akakipangusa kwa gazeti, na hakunywa chai niliyomwekea.

Tumekubaliana ataanza Jumatatu na wanawe wawili. Chumba cha nyuma kitabomolewa chote, na ngazi, na huenda sehemu ya ukuta wa uani. Watachimba mpaka chuma kilie, hata ikichukua mwezi, hata ikichukua miwili. Uvundo utajaa uchochoroni na wanaume watapita na kofia puani, nami nitakuwa nimesimama mlangoni kwangu waniulize choo cha nani niwaambie. Huenda mwisho tukabaki na nyumba ndogo kuliko tuliyonayo. Juu huenda kusiwe na kitu maisha yangu yote. Nilikuahidi uongo, na nakuomba unisamehe ukiweza, lakini usinisamehe upesi kwa sababu tu mimi ni mzee.

Fedha zako ni zako. Jenga pengine, au usijenge. Ukijenga, msingi ukichimbwa uwepo wewe mwenyewe, na mtaimbo uupige kwa mkono wako.

Utaniuliza kwa nini sikusema kabla hujaondoka. Kwa sababu ungeahirisha safari. Na kwa sababu ungenishika mkono ukanipeleka kwa Bi Kauthar, ukaanza wewe kusema, kwa ile sauti yako ya hospitalini, na mimi ningejificha nyuma yako kama nilivyojificha nyuma ya moshi. Sitaki kusitiriwa tena, hata na wewe.

Nasikia mlango wa mbele. Umerudi, na unacheka na Bi Kauthar pale barazani, yuwakuuliza kama shangazi zako walikupa chochote cha maana. Naimalizia hapa.

Kesho nitakusindikiza mpaka uwanjani, nitakuombea dua, nitakungoja upotee ndani ya mlango ule wa kioo. Nikirudi Kibokoni sitaingia kwetu. Nitapita mlango wetu na buibui langu mwilini, nibishe kwa jirani, na kabla hajaniambia karibu nitamwambia hakukuwa na paka.

Mama yako,
Aziza